Sidiria ya mazoezi kwa mama anayenyonyesha: Mchuuzi anayepima ndiye anayeuza

MAMA aliyejifungua miezi mitatu iliyopita na anayetaka kurudi kukimbia asubuhi huwa na mahitaji mawili yanayovutana. Anahitaji sidiria inayoshika matiti imara yasirukeruke, na wakati huo huo anahitaji sidiria inayofunguka upesi mtoto anapolia, bila kuminya mirija ya maziwa.

Katika masoko mengi nchini, bidhaa ya aina hiyo ni adimu. Zinazopatikana kwa wingi ni sidiria za kunyonyesha ambazo ni laini lakini hazina nguvu, na zile za michezo ambazo huvaliwa kwa kupitishwa kichwani na hukaza kifua chote kama bendeji.

Pengo hilo ni usumbufu kwa mama, lakini ni nafasi kwa mfanyabiashara mdogo. Si lazima awe na duka kubwa. Mchuuzi wa Gikomba au wa Eldoret mwenye tepu ya kupimia, pamoja na fundi mwenye cherehani mtaani, wanaweza kujipatia riziki hapa mradi waielewe bidhaa yenyewe.

Wateja wapo

Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la UNICEF hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Hii ina maana kwamba mama mmoja huhitaji mavazi ya kunyonyesha kwa muda mrefu, na katika muda huo mwili wake hubadilika zaidi ya mara moja.

Kina mama wanaofanya mazoezi nao si wachache. Kenya ina mabingwa waliorejea mbioni baada ya kujifungua. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013 na akatwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki za Rio mwaka 2016. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akahifadhi taji lake la Olimpiki la mita 1,500 jijini Tokyo mwaka 2021. Peres Jepchirchir, mshindi wa marathoni katika michezo hiyo hiyo ya 2021, pia alikuwa mama.

Nyuma ya mabingwa hao kuna wanawake wa kawaida wanaokimbia barabara za Iten na Kaptagat, wanaojiandaa kwa mbio za Nairobi zilizoanza mwaka 2003, au wanaofanya mazoezi nyumbani ili kupunguza uzani. Kuna pia wale ambao kazi yao ni mazoezi tosha: wachumaji wa majani chai, wanaolima kwa jembe na wanaobeba maji kupanda mlima.

Baadhi ya kina mama huacha mazoezi kwa hofu kwamba maziwa yatakauka. Utafiti uliofanywa California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa mazoezi ya wastani, dakika 45 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hayakupunguza maziwa wala kuzuia mtoto kuongeza uzani. Kina mama hao walianza wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua. Aliyepasuliwa au aliyepata matatizo wakati wa kujifungua anafaa kumwona daktari kabla ya kuanza.

Kwa nini ya kawaida haitoshi

Titi halina msuli wa kulishikilia. Hushikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba zilizo ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambao wamepima mwendo huo kwa miaka mingi, wamebaini kuwa titi lisiloshikwa linaweza kusogea hadi sentimita 15 mtu anapokimbia, tena si juu na chini pekee bali hata kando. Titi lililojaa maziwa ni zito zaidi, hivyo maumivu huongezeka.

Jawabu la wengi ni kununua sidiria inayobana zaidi, au kuvaa mbili kwa pamoja. Hapo ndipo hatari ilipo. Sidiria inayominya titi lililojaa inaweza kuzuia maziwa kupita, likavimba na kuuma. Mama akiona sehemu ya titi imekuwa ngumu, nyekundu na yenye joto, na hasa akipata homa, anafaa kwenda kliniki mapema. Kwa kawaida hashauriwi kuacha kunyonyesha.

Bora ni sidiria yenye vikombe viwili vilivyotengana, kila titi likishikwa peke yake, badala ya kitambaa kimoja kinachogandamiza yote mawili. Ukanda wa chini uwe mpana na imara kwa sababu ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Mikanda ya mabega iwe mipana na inayoweza kurefushwa au kufupishwa. Vyuma vya chini ya titi viepukwe, kwani vikikaa vibaya huchimba titi.

Kuhusu kufunguka, kuna namna mbili. Ya kwanza ni kulabu mbele ya bega, ambapo mama hushusha kikombe kimoja na kubakisha kingine kikiwa kimefungwa. Ya pili ni zipu ya mbele. Zipu ni rahisi kuvaa na kuvua, lakini ikifunguliwa matiti yote mawili hulegea. Inamfaa mama anayenyonyesha kabla ya kukimbia na baada ya kurudi, si yule anayehitaji kunyonyesha katikati ya mazoezi.

Kupima ndiko biashara

Wachuuzi wengi huuza kwa kutazama mteja kwa macho. Tepu ya fundi haigharimu pesa nyingi na huondoa ubishi. Kwanza pima kuzunguka kifua chini ya matiti, tepu ikiwa imekaza kidogo. Inchi 34, kwa mfano, ni ukanda wa 34. Kisha pima palipojaa zaidi bila kubana. Tofauti ya inchi 1 ni kikombe A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C, na inchi 4 ni D. Vipimo vya viwanda hutofautiana, kwa hivyo mteja ajaribu hata baada ya kupimwa.

Bidhaa nyingine huandikwa kwa sentimita. Mchuuzi akumbuke kuwa 70 ni 32, 75 ni 34, 80 ni 36 na 85 ni 38. Ajue pia kuwa kikombe cha 36C hubeba sawa na cha 34D au 38B. Akikosa saizi moja anaweza kumjaribishia mteja ya jirani, lakini ukanda ukiwa mlegevu asimuuzie, kwa maana hautashika kitu.

Majaribio ni rahisi. Vidole viwili vipite chini ya ukanda, visizidi. Mteja ainue mikono. Ukanda ukipanda, ni mkubwa. Aruke mara kadhaa papo hapo. Titi likifurika juu ya kikombe, kikombe ni kidogo. Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu ya nje kabisa, ili lastiki ikilegea baadaye mama asogeze ndani.

Wakati mzuri wa kupima ni baada ya wiki chache, maziwa yanapoanza kutulia, na saa ambayo mtoto hajanyonya muda mrefu, kwani hapo ndipo titi huwa kubwa.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye Sh10,000. Akinunua sidiria 40 za Sh250, zote za saizi moja, na kuuza 25 pekee kwa Sh400, atakuwa amerudisha mtaji wake tu. Faida yake yote imebaki rafuni katika zile 15. Mwenzake anunue 25 za Sh400 zenye saizi tofauti, awapime wateja na kuziuza zote kwa Sh700. Atapata Sh17,500, yaani faida ya Sh7,500 kabla ya nauli na ada za soko. Bei hutofautiana toka soko moja hadi jingine, lakini funzo ni lile lile: kinachomaliza mtaji ni bidhaa isiyomtosha mtu.

Wanaofikiria kuagiza marobota ya mitumba wajihadhari. Mwaka 2023, Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilikumbusha waagizaji kuwa nguo za ndani zilizovaliwa haziruhusiwi kuingizwa nchini. Ni salama zaidi kununua mpya kwa bei ya jumla, kwa mfano Eastleigh, au kuzungumza na fundi.

Nafasi ya fundi

Sidiria ya michezo yenyewe ilianzia mikononi mwa watu wa kushona. Mwaka 1977 huko Vermont, Marekani, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller waliunganisha vikinga viwili vya ndani vya wanariadha wanaume na kupata sidiria ya kwanza ya kukimbilia.

Fundi wa leo anaweza kuchukua sidiria imara yenye vikombe viwili, akakata mkanda unapoungana na kikombe na kuweka kulabu ya kunyonyesha. Jambo wasilofaa kusahau mafundi ni kushona utepe ndani, kutoka kwenye mkanda wa bega hadi ukanda wa chini, ukipita kando ya titi. Bila utepe huo, kulabu ikifunguliwa mkanda huanguka mgongoni na sidiria nzima hulegea. Kitambaa cha ndani kiwe laini na kinachokauka upesi. Pamba tupu hunywa jasho na maziwa na kubaki mbichi.

Muuzaji amwachie mteja maelezo machache. Anyonyeshe au akamue kabla ya mazoezi. Avue sidiria mara amalizapo na kupangusa jasho kabla ya kunyonyesha. Aifue kwa mkono na kuianika kivulini, kwa sababu jua kali huua lastiki. Awe na angalau mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama aliyepata sidiria inayomkaa vyema huwaambia wenzake kliniki na chamani, na mchuuzi aliyempima ndiye watakayemtafuta.