Gome la mti likiua TB maabara, mbona bado si dawa?

Desemba nilikuwa nyumbani Kasokola, Mpanda, na baba mdogo akanitega. Yeye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Katikati ya mwaka alipimwa akakutwa na kifua kikuu, akaanza vidonge. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikata, mwili ukarudi, naye akaacha dawa. Badala yake akawa anachemsha magome ya mninga pamoja na mizizi anayoletewa na mganga. Akaniwekea kikombe mezani, maji mekundu kama damu, akasema: "Mwanangu, si wewe ndo unasomea dawa za miti huko chuoni? Haya niambie, hii inaua TB au haiui?"

Nikakwama. Jibu la kweli ni kwamba kwenye maabara inawezekana kabisa ikaua. Na jibu hilo likitolewa nusu, linaweza kummaliza yeye. Leo nalitoa lote.

Wazo lenyewe si la kijinga

Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Artemisinini, ambayo ndiyo chanzo cha dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali, ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Hata dawa za TB zina mizizi kwenye maumbile: streptomisini, iliyogunduliwa 1943, inatokana na bakteria wa udongoni, na rifampisini vilevile. Ila kati ya dawa nne za kawaida za TB (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), hakuna hata moja iliyotoka kwenye mmea.

Mmea uliofika mbali kidogo ni *Euclea natalensis*, mti mdogo unaoota mashariki na kusini mwa Afrika, ambao mizizi yake watu hupigia mswaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria waliukamua wakapata viambata kadhaa. Kimoja, diospirini, kinabana kimeng'enya ambacho bakteria wa TB anakitumia kukunjua DNA yake. Kingine, methilijugloni, kilizuia bakteria kwa kiwango kidogo sana, karibu mikrogramu 0.5 kwa mililita. Ni matokeo mazuri kweli. Lakini viambata vya ukoo huo vina tabia ya kudhuru hata seli zetu wenyewe, na mpaka leo hakuna kidonge chake.

Safari ya gome

Unaanza kwa kukausha gome, kulisaga, kulilowesha kwenye methanoli na kuchuja. Mchujo huo una mamia ya viambata. Unauweka kwenye vishimo vya sahani ya maabara, kwa viwango tofauti, pamoja na bakteria.

Hapo ugumu wa kwanza. Bakteria wa TB ana ukuta wenye mafuta kama nta, vitu vingi haviingii. Pia ana uvivu wa ajabu: kujigawa mara moja kunamchukua karibu saa 20, na kumshika unahitaji maabara yenye ulinzi wa ngazi ya 3. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza na ndugu yake mpole, *Mycobacterium smegmatis*, anayejigawa kila baada ya saa 3 hivi. Ila kumuua ndugu si kumuua mwenyewe.

Ugumu wa pili ni matokeo ya uongo. Magome mengi ya miombo yamejaa tanini, ile inayokaza ulimi na kulainisha ngozi za viatu. Tanini inang'ang'ania protini yoyote inayokutana nayo. Kwenye sahani inaonekana shujaa. Ndani ya mwili inanata tumboni na haifiki kwenye pafu. Mninga nao ndo hivyo hivyo.

Ugumu wa tatu ni hesabu. Tuseme mchujo unazuia bakteria kwa mikrogramu 100 kwa mililita, kiwango ambacho wengi huandika kwa furaha. Mwili wa mtu mzima una maji kama lita 40. Ili ufikie kiwango hicho kote unahitaji gramu 4 za mchujo mkavu ziingie zote kwenye damu bila ini kuzivunja. Isoniazidi kwa kawaida inahitaji chini ya mikrogramu 0.2. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 500.

Kumbuka pia kwamba hata jiki inaua TB kwenye sahani. Kwa hiyo swali tunalojiuliza maabara ni "kinaua bakteria kwa kiwango kisichomgusa mgonjwa?" Ukipita hapo, bado kuna wanyama, kisha watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa. Ni miaka kumi na zaidi, na viambata vingi vinafia njiani.

Miezi 6 haikutungwa ofisini

Zamani tiba ya TB ilikuwa miezi 18. Kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kwamba ukiwa na rifampisini, miezi 6 inatosha. Walipojaribu baadaye kushuka hadi miezi 4, ugonjwa uliwarudia wengi zaidi. Sababu ni kwamba bakteria wanaojigawa haraka hufa wiki za mwanzo, ndo maana kikohozi kinakata, lakini wengine hubaki wamelala. Ukiacha dawa, hao huamka. Ukinywa kwa kurukaruka, wanaobaki wanaweza kuwa sugu.

Na TB sugu ipo kwetu: hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kuitibu mwaka 2009. Duniani, mwaka 2023, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 wakafa. Dawa mpya tunazihitaji kweli, na ndo sababu nazidi kusaga magome.

Nilimweleza baba mdogo yote haya, pamoja na mambo mawili ya ziada: vumbi la mawe mgodini linaharibu kinga ya mapafu, na vidonge vya TB vinaweza kulemea ini, kwa hiyo kuongeza dawa ya kuchemsha ambayo hatujui vipimo vyake ni kulibebesha ini mzigo wa pili.

Alinisikiliza, akamwaga kikombe, ila hakukubali mara moja. Alikubali siku ya tatu, tukaenda wote kituoni. Makohozi yalipimwa upya na akaanza tiba mwanzo. Mganga naye alikuja kumuona. Nikamwomba jambo moja tu: akimpata mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili, amtume kupima kwanza.