Nguo Nyekundu za Mbwaa

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuhesabu ustaarabu kuwa ni mali yetu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kushika mwenendo wa Waarabu. Basi anayejitazama kwa kioo hicho, akimwona jirani aliyetoka bara, huona kwanza alichokosa. Hajamuuliza neno, na hukumu imekwisha kupita.

Lakini jirani naye ana kioo chake. Wameru, wakaao mashariki ya Mlima Kenya hadi milima ya Nyambene, husimulia kuwa walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji. Wapo wanahistoria walioihusisha na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko, wasema wazee, walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowatwika kazi zisizowezekana: washone viatu vya ngozi vyenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki wa kufika mbinguni. Mwishowe Koomenjoe akawaongoza, maji yakapasuka, wakavuka. Waliovuka usiku wakawa ukoo mweusi, wa alfajiri ukoo mwekundu, wa mchana ukoo mweupe.

Ni nani hao Nguo Ntune? Wanahistoria hawakuafikiana, wapo waliowadhania kuwa Waarabu.

Kila aliyesoma Qur'ani anakijua kisa cha Nabii Musa na bahari. Tukikisikiliza darasani, nyoyo zetu husimama upande wa waliookolewa. Hapana ajiwekaye upande wa Firauni. Lakini katika kisa cha Mbwaa, huenda anayekaa kiti cha Firauni akawa ni mtu wa pwani. Hapo ndipo mtihani ulipo. Anayejiona mstaarabu daima atakikataa kisa kabla hakijaisha. Anayejiona mja wa Mungu, mwenye mema na makosa, ataweza kukisikiliza hadi mwisho.

Na majirani wa Wameru, Waembu, wana simulizi yao. Mashuhuri ni ya Mwenendega, ambaye msitu wake wa heshima uko upande wa Runyenjes. Simulizi hiyo haianzii baharini. Basi asemaye kuwa watu wa mlimani wote ni wamoja, hajawajua hawa wala wale.

Twawausia wazazi wenye wakwe wa Kimeru, na vijana wetu wasomao Embu: waombeni wazee wa huko wawasimulie asili yao, na msiwasahihishe. Surat Al-Hujurat yatufundisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu zaidi. Kujuana hakuanzi kwa kumweleza mwenzio yeye ni nani. Huanza kwa kumuuliza, kisha kunyamaza.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.