Wiki ya Sita ya Mwanachuo Mpya

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na katika mgawanyo huo vyuo vikuu vikubwa vyote viliangukia upande wa Mbeya: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, yaani MUST, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji kinachofahamika zaidi kama TEKU, Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, kampasi ya Mzumbe, na chuo cha afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita Tunduma, Vwawa, Itumba au Mkwajuni, kusoma shahada kwa kawaida ni kuhama. Wa Tunduma anayekwenda karibu zaidi hupita Mpemba, Vwawa, Mlowo na Mbalizi, mwendo wa kama kilomita 100, akashukia Mbeya. Mwingine huendelea na barabara hiyo hiyo, au hupanda treni ya TAZARA, hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwao.

Songwe inajua kuaga. Godoro, ndoo, shuka na tranka hukusanywa mapema, mama mdogo huchangia nauli, baba mkubwa hutoa nasaha ndefu, na kanisani au msikitini jina la kijana hutajwa katika dua. Kinachofikiriwa kidogo ni upande wa pili wa safari: nani anampokea, na anampokea kwa muda gani.

Vyuo vina jibu lao rasmi, nalo ni wiki ya mafunzo elekezi kabla ya vipindi kuanza. Wageni hukusanywa ukumbini wakasikiliza uongozi wa chuo, mshauri wa wanafunzi, watu wa maktaba, watu wa bima ya afya na viongozi wa serikali ya wanafunzi. Wiki hiyo ni ya lazima na haina mbadala. Kasoro yake ni moja: humpa mgeni majibu yote kabla hajakutana na maswali. Atakapohitaji kujua namna ya kukata rufaa ya alama au kupanga upya ratiba, karatasi za ukumbini zitakuwa zimeshapotea chini ya kitanda.

Wataalamu wa elimu ya juu wana namna ya kulieleza hili, na chimbuko lake si la kigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 1909 Arnold van Gennep alichapisha nchini Ufaransa kitabu kuhusu mila za mpito. Alionyesha kwamba mtu anapotoka hali moja kwenda nyingine hupitia hatua tatu: hutengwa na kundi la zamani, hukaa katikati, kisha hupokelewa katika kundi jipya. Anayejua jando na unyago ameshaelewa. Mwali hutolewa kwa wazazi, hukaa ndani na somo wake, ndipo hutoka akiwa mtu mwingine. Na somo hamwachi siku ya kwanza. Mwaka 1975 Mmarekani Vincent Tinto alianza kujenga nadharia yake kwa kuuliza kwa nini wanafunzi wenye uwezo huacha chuo. Jibu lake, ambalo baadaye alilipanua kwa kutumia hatua hizo tatu za van Gennep, ni kwamba mwanafunzi hubaki anapojiona ni mwenyeji kwa njia mbili pamoja, ya masomo na ya watu. Alama nzuri peke yake haitoshi, wala marafiki peke yao hawatoshi.

Hatua ya katikati ndiyo vyuo vyetu huitelekeza. Huanza wiki ya pili, turubai za ukaribisho zikishakunjwa, na kilele chake ni kama wiki ya sita, majaribio ya kwanza yanapokaribia na akiba ya nyumbani ikiwa imekwisha.

Fedha ndiyo hubana mapema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku. Wanafunzi huiita bumu. Lakini bumu la kwanza halimsubiri mtu getini. Lazima usajili ukamilike, akaunti ya benki iwe sahihi, na alama za vidole zichukuliwe. Jina likitofautiana herufi moja tu kati ya cheti na kadi ya benki, mtu anaweza kuzungushwa kwa siku nyingi huku wenzake wanakula. Mwanachuo wa mwaka wa pili anajua dirisha lipi husikiliza, saa ngapi foleni huwa fupi, na mama lishe yupi hukubali kuandika deni kwenye daftari. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo, na kwa mwenye njaa yana thamani kuliko hotuba.

Malazi yana hadithi yake. Asiyepata nafasi bwenini hutafuta geto mtaani, ambako dalali anataka chake na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ndipo hufuata kubebana: kitanda cha mtu mmoja kulaliwa na wawili, kinyume cha taratibu. Uongozi hukemea, na una sababu za afya na usalama. Hata hivyo, mtu anayekubali kumbeba mgeni asiye ndugu yake amefanya kazi ya ukaribisho ambayo hakuna ofisi iliyoifanya, na chuo makini kingejifunza kutoka kwake kabla ya kumwadhibu.

Kwa vijana wa Songwe kuna mtego ambao haujadiliwi: ukaribu. Aliyepangiwa Dar es Salaam hana hiari, atazoea. Aliyepangiwa Mbeya anaweza kupanda basi Ijumaa mchana na kulala kwao Vwawa. Akifika nyumbani anaoshewa nguo, anashiba, anasaidia dukani au kwenye kahawa, na Jumatatu anarudi akiwa mgeni vilevile. Makundi ya majadiliano huundwa Jumamosi, urafiki huundwa Jumapili jioni, naye hayupo. Wakosoaji wa Tinto wamesema kwa haki kwamba mwanafunzi hapaswi kulazimishwa kukata uhusiano na kwao ili afaulu. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale ambapo nyumbani ndiko chakula kinakotoka. Lakini mzazi wa Mbozi anayemwomba mtoto asirudi kwa mwezi wa kwanza hamfukuzi. Anampa nafasi ya kupata watu.

Darasani kuna ugumu mwingine. Kijana aliyekulia Tunduma amezoea wageni tangu utotoni: madereva wa malori yaendayo Lusaka, wabadilisha kwacha, wateja wanaovuka kutoka Nakonde. Katika mji huo si ajabu mtoto kusikia Kinyamwanga, Kibemba na Kiswahili kabla ya chakula cha mchana. Huo ni utajiri wa kuishi na watu, na chuoni unafaa sana. Kinachomnyamazisha ni Kiingereza cha mhadhara, mbele ya mamia ya watu, kwa mwalimu asiyemjua jina. Kundi dogo la diskasheni ambamo mtu anaweza kuuliza kwa Kiswahili kisha akaandika jibu kwa Kiingereza huwaokoa wengi na sapu, yaani mitihani ya marudio, na wachache na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Ukaribisho unaweza pia kuwa sumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kiliwahi kuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punchi: maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani kwa siri, ikiwadhalilisha hasa wanafunzi wa kike. Ilitetewa kama utani na kama njia ya kumfunza mgeni adabu za mahali. Februari 1990 mwanafunzi wa kike aliyesumbuliwa na watu wa Mzee Punchi alijiua, na nchi nzima ikashtuka. Wanahabari wanawake wa TAMWA walilivalia njuga suala hilo. Mateso yanayopewa jina la mapokezi hayamfanyi mtu kuwa mwenyeji. Humfundisha kwamba mahali hapo hapana wa kumtetea. Madawati ya jinsia yaliyofunguliwa vyuoni katika miaka ya karibuni yatajwe kwa mgeni wiki ya kwanza, na yatajwe tena baada ya mwezi, kwa sababu anayemwinda mwanafunzi mpya naye husubiri watu watawanyike.

Kinachofaa mara nyingi ni kidogo na hakina gharama kubwa. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu wanafunzi 92 wa mwaka wa kwanza nchini Marekani. Baadhi yao, kwa kama saa moja tu, walisoma maelezo ya waliowatangulia kwamba wasiwasi wa kutojiona wenyeji huwapata karibu wote na kwamba hupita, kisha wakaandika na kueleza jambo hilo kwa maneno yao ili liwafae wanaofuata. Miaka mitatu baadaye, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe waliopitia zoezi hilo lilikuwa limepungua kwa nusu. Mbeya si Marekani. Ila kijana wa Momba anayedhani ni yeye peke yake hakuelewa mhadhara ana wasiwasi huohuo.

Hapa ndipo wanafunzi wenyewe wana nguvu kuliko utawala. Vikundi vya dini kama TAFES, USCF na TAMSYA, kwaya, timu za mpira na umoja wa wanaotoka mkoa mmoja humfikia mgeni chumbani kwake. Umoja wa kimkoa una faraja ya lafudhi na ya chakula, lakini ukigeuka ukuta, mtu humaliza miaka mitatu akijua watu wa kwao tu. Umoja mzuri hupimwa kwa namna unavyomtambulisha mgeni kwa wengine.

Songwe ina wanachuo wengine wanaosahaulika kabisa: wanaosoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Karani wa forodha Tunduma au mwalimu wa Chitete anayesoma usiku kwa simu hana bweni, hana foleni ya kantini, hana jirani wa kumuuliza. Kwake kundi la watu watano wa kozi moja, wanaokutana ana kwa ana hata mara moja kwa mwezi, ndicho chuo.

Kalenda yenyewe inatoa nafasi ambayo mkoa haujaitumia vya kutosha. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Miezi hiyohiyo wanachuo wa mwaka wa pili na wa tatu wako likizo ndefu, nyumbani Songwe, mtaa mmoja na hao wanaosubiri. Septemba, waliokwenda JKT wakiwa wamerudi, mkutano mmoja Vwawa na mwingine Tunduma ungetosha kukagua majina kwenye vyeti na kwenye akaunti za benki, kueleza bei za magheto na tabia za madalali, na kumpa kila mgeni kaka au dada mmoja wa chuo anachokwenda. Halmashauri itoe ukumbi, shule za sekondari zitoe orodha. Huyo kaka au dada apewe jukumu lenye tarehe: ampigie mdogo wake simu wiki ya pili, na wiki ya sita amfuate alipo, amuulize amekula nini, anasoma na nani, na amejiandaaje kwa majaribio.