Mtoto Anayemlilia Daktari wa Meno Si Mtundu

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na haina kasoro inapotumiwa mahali pake. Kinachonikera ni kuisikia hata katika chumba cha daktari wa meno. Mtoto akipiga mayowe na kufumba kinywa, mzazi humshika miguu, muuguzi humbana mikono, kisha wote husema hakufunzwa adabu. Mimi nasema la.

Hebu tuyatazame yanayomkabili. Amelazwa chali, taa kali inammulika usoni. Mashine inavuma karibu na sikio lake, na mtetemo wake unapenya hadi kwenye taya. Puani mna harufu ya dawa, ulimini ladha ya glavu, na vidole vya mtu asiyemjua vimo kinywani. Milango yote mitano ya fahamu imevamiwa kwa pamoja. Mtu mzima huvumilia kwa kuwa anajua shughuli itakwisha. Mtoto hana hakika hiyo. Na kwa mwenye usonji, ambaye aghalabu mwanga na sauti humwingia kwa ukali kuliko wenzake, hayo ni mateso.

Wapo waliolichunguza jambo hili. Utafiti uliofanywa Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2023, ulihusu watoto 162 wenye usonji, wa umri wa miaka 6 hadi 12. Kila mmoja alisafishwa meno mara mbili: katika chumba cha kawaida, na katika chumba kilichorekebishwa. Katika hicho cha pili, madirisha yalitiwa mapazia mazito, taa za dari zikazimwa, picha zikapita polepole darini, muziki laini ukasikika, na mtoto akafunikwa kitambaa kilichomkumbatia. Humo, dalili za wasiwasi mwilini zilipungua, na vurugu zikapungua pia. Mtoto alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni chumba.

Najua nitaulizwa: zahanati isiyo na dawa za kutosha itapata wapi muziki na mapazia? Hoja hiyo ni nzito, lakini si yote yanayohitaji fedha. Kumpa mtoto miwani ya jua, kuzima taa isiyohitajika, na kumwita saa ambazo wagonjwa ni wachache ni mambo yanayowezekana popote. Isitoshe, tangu mwaka wa 1959 madaktari wa watoto wameshauriwa na Mmarekani Addelston kumweleza mtoto kwanza, kisha kumwonyesha kifaa, ndipo wakitumie.

Walimu nao wana sehemu yao. Tuache kumfanya daktari kuwa kitisho: "Ukila peremende, utang'olewa jino!" Badala yake, wanafunzi na waigize ziara ya daktari darasani, wahesabiane meno kwa zamu, ili siku yenyewe isiwe ngeni.

Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, tulikiri kwamba maumivu si mwalimu mwema. Yafaa tukiri hivyo hospitalini pia. Mtoto anayekandamizwa leo kitini aweza kuwa mtu mzima atakayelikimbia jino bovu hadi shavu livimbe. Hapo, waama, kulia kutakuwa kwetu sote.