“Rudini kwenu”: tunapimaje kama kauli ya kiongozi ni ya kibaguzi?

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua sentensi “Rudi kwenu”. Ikanushe: “Usirudi kwenu”. Igeuze iwe swali: “Utarudi kwenu lini?” Mara ya kwanza umeamrishwa, ya pili umekatazwa, ya tatu umeulizwa. Mambo matatu tofauti kabisa. Lakini kuna kitu kimoja hakijatikisika kwenye zote tatu: umeambiwa kwamba hapa ulipo si kwenu.

Kitu hicho kinachobaki hata ukiikanusha sentensi, sisi watu wa isimu tunakiita dhana tangulizi. Mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege alikieleza mwaka 1892 kwa mfano wa Kepler, yule mtaalamu wa nyota. Ukisema Kepler alikufa katika dhiki, au ukibisha ukasema hakufa katika dhiki, kote umeshakubali kwamba aliwahi kuwepo mtu anaitwa Kepler. Hukulitamka hilo. Limepita kimyakimya, na msikilizaji kalipokea bila kuulizwa.

Shika hapo, tutarudi.

Tarehe 14 Julai 2019, Donald Trump, akiwa Rais wa Marekani, aliandika Twitter kuhusu wabunge wanawake wa chama cha Democratic wa mrengo wa kushoto. Alisema wametoka nchi ambazo serikali zake ni janga tupu, na sasa wanawafundisha Wamarekani namna ya kuendesha nchi. Kwa nini wasirudi kurekebisha huko walikotoka, kisha waje waonyeshe inavyofanywa? Hakutaja jina la yeyote kati yao. Hakutaja rangi. Hata hivyo siku ileile nchi nzima ilijua anawasema Alexandria Ocasio-Cortez, Ilhan Omar, Ayanna Pressley na Rashida Tlaib.

Siku mbili baadaye Bunge la Wawakilishi likapitisha azimio la kulaani kauli hizo kuwa za kibaguzi, kwa kura 240 dhidi ya 187. Warepublican waliounga mkono walikuwa 4 tu. Yaani watu wamesoma maandishi yaleyale, kwa lugha yao wenyewe, wakagawanyika karibu sawasawa na vyama vyao.

Hosteli kwetu nako tuligawanyika. Mwenzetu mmoja wa uhandisi alisimama mbele ya televisheni akasema: “Jamani, nionyesheni neno la rangi. Moja tu.” Tulipiga kelele, tukamwita majina, lakini jibu la maana hakupata. Na swali lake lilikuwa halali. Ukidai kitu kipo, onyesha kilipo. Haya, hili ni jibu lake, limechelewa miaka kadhaa.

Tazama ukweli wa kuzaliwa kwanza. Kati ya wale wanne, aliyezaliwa nje ya Marekani ni mmoja: Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekaa takribani miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya kabla ya kufika Marekani mwaka 1995. Alipata uraia mwaka 2000. Pressley kazaliwa Cincinnati. Tlaib kazaliwa Detroit. Ocasio-Cortez kazaliwa Bronx, New York, kwa familia yenye asili ya Puerto Rico, kisiwa ambacho watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917.

Kwa hiyo dhana tangulizi ya ile kauli, kwamba watu hawa wametoka nchi nyingine, ni ya uongo kwa watatu kati ya wanne. Sasa hapa ndipo penye utamu. Kwa kawaida dhana tangulizi ikiwa ya uongo, mawasiliano hukwama. Nikikuambia “gari lako limeziba njia” na wewe huna gari, utashangaa, utauliza gari gani. Lakini hapa hakuna aliyeshangaa. Ni kweli wiki ile wabunge hao walikuwa kwenye habari kwa sababu ya mvutano na Spika wao, Nancy Pelosi, na hilo lilisaidia kujua nani anasemwa. Halielezi jambo la pili: ilikuwaje maneno “wametoka nchi nyingine” yakamkaa Pressley wa Cincinnati bila mtu kuona yamepwaya?

Kuna kitu kimeziba pengo kati ya maneno na ukweli, nacho hakimo kwenye maandishi. Kimo kwa wasomaji, waliomuunga mkono na waliomlaani vilevile. Wote wanajua kwamba Marekani kuna raia wanaohesabiwa wenyeji wasio na haja ya maelezo, na kuna raia wanaoulizwa “kwenu hasa wapi?” hata wakitaja hospitali waliyozaliwa. Rangi haikuandikwa kwa sababu haikuhitajika kuandikwa.

Mhandisi wetu angesema hiyo ni tafsiri yangu. Sawa, tupime. Jaribio lolote zuri hubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilevile. Watetezi wa Trump walisema tatizo lilikuwa siasa: hawa wanawake wanaiponda nchi, basi wahame. Kama ni hivyo, mtu mwingine anayeiponda Marekani na mwenye mzazi mhamiaji angeambiwa vilevile arudi. Tunaye wa kumpima. Hotuba ya kuapishwa mwaka 2017 ilichora Marekani kama nchi ya viwanda vilivyokufa na mitaa inayochuruzika damu. Msemaji alikuwa mtoto wa mama aliyezaliwa Scotland na kuhamia Marekani mwaka 1930. Anaitwa Donald Trump. Rashida Tlaib naye ni mtoto wa wahamiaji, wao Wapalestina. Wote wawili wamezaliwa Marekani, wote wanaikosoa. Nani kati yao aliambiwa arudi kwao?

Siasa haiwezi kueleza tofauti hiyo peke yake. Kuzaliwa nje haiwezi. Ukiondoa moja baada ya jingine unabaki na asili, rangi na dini, na hapo sentensi isiyo na neno la rangi inakuwa imefanya kazi ya rangi. Hata tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia ubaguzi kazini imeweka maneno hayohayo, rudi ulikotoka, kwenye mifano yake ya unyanyasaji wa mtu kwa sababu ya asili yake.

Sitaki udhani kipimo hiki hakishindwi. Januari 2018 iliripotiwa kwamba Trump, kwenye kikao cha faragha kuhusu uhamiaji, alizitukana kwa neno chafu Haiti na nchi za Afrika, akauliza kwa nini wasichukuliwe watu wa nchi kama Norway. Alikana kutumia lugha hiyo. Tuseme alisema. Umoja wa Afrika ulikasirika, nami nilikasirika. Ila ukijaribu kubadilisha kitu kimoja tu unakwama, maana Haiti na Norway zinatofautiana kwa rangi na kwa utajiri kwa pamoja. Ni kama umeweka mbolea na maji kwenye shamba moja, lile jingine ukaliacha kavu: mahindi yakistawi utajuaje ni mbolea? Mtetezi anaweza kusema alimaanisha umaskini. Binafsi simwamini, lakini kwa kauli ile moja pekee siwezi kumfunga mdomo. Ningehitaji mkusanyiko wa kauli zake.

Na kuna aina ya tatu, ambayo sisi Waswahili tunaijua kuliko kitabu chochote: fumbo. Januari 2022, kwenye mkutano wa kampeni Eldoret, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, aliwataka watu waondoe “madoadoa” yaliyo kati yao. Doa ni doa tu, hata shati lina doa. Kanusha utakavyo, hakuna dhana ya kabila ndani ya neno hilo. Lakini Bonde la Ufa neno hilo lina historia. Lilitumika enzi za ghasia za miaka ya 1990 kumaanisha majirani wa makabila mengine. Seneta alikamatwa, akaomba radhi, akaeleza kwamba alikusudia wanasiasa. Hapa ni ukabila, si ubaguzi wa rangi, ila swali ni lilelile, na jibu lake haliko kwenye sarufi. Liko kwenye kumbukumbu ya waliosimama pale uwanjani.

Zingatia pia sheria ya Kenya ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inavyosema. Kosa la kuchochea chuki ya kikabila lipo kama mtu alikusudia, au kama kwa kuangalia mazingira yote chuki ilielekea kuchochewa. Hiyo “au” ndogo ina uzito mkubwa. Inatuondoa kwenye mtego ambao mijadala hii huangukia kila mara: kubishania moyo wa mtu.

Maana ndivyo Trump alivyojibu Julai ile, kwamba mwilini mwake hamna hata mfupa mmoja wa kibaguzi. Mwanaanthropolojia Jane Hill, kwenye kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu lugha ya kila siku ya ubaguzi wa Wazungu nchini kwake Marekani, alionyesha kwamba watu wengi huko huamini ubaguzi ni imani iliyofichwa ndani ya mtu mbaya. Ukishakubali hivyo, mjadala umekwisha kabla haujaanza. Msemaji atasema moyo wake safi, rafiki zake watathibitisha, na wewe huna kipimo cha X-ray cha nia. Tangu Machi 2019 shirika la habari la AP lilikuwa limewaelekeza waandishi wake wapime kauli yenyewe, bila kulazimika kuchunguza nia ya aliyesema. Si wanahabari wote waliafiki. Keith Woods wa redio ya NPR alisema kazi ya mwandishi ni kuripoti kilichosemwa na kuacha hukumu kwa wengine. Namwelewa, neno likitumika kila siku huchakaa. Ila kuripoti “kauli iliyozua utata” nako ni kuchagua upande, upande wa ukungu.

Hata Bungeni siku ile tofauti hiyo ilileta kituko. Pelosi alipoziita kauli za Rais za kibaguzi, ilitolewa hukumu kwamba amevunja kanuni za kale zinazokataza kumvunjia Rais heshima ukumbini. Wabunge wakapiga kura maneno yake yasifutwe, kisha wakapitisha azimio lenye maneno hayohayo.

Tarehe 17 Julai, mkutanoni Greenville, North Carolina, Trump alimzungumzia Omar na umati ukaanza kuimba arudishwe. Kesho yake alisema hakufurahishwa na wimbo ule. Angalia umati ulivyofupisha ujumbe: zile “kwa nini wasirudi” na “kisha waje waonyeshe”, zilizokuwa ngao za watetezi, hazikuwemo tena. Ilibaki amri, na yule aliyezaliwa Mogadishu.

Siku hiyohiyo ya kesho yake Omar aliruka kwenda Minneapolis. Pale uwanja wa ndege alikuta watu wamejipanga wanamngoja, nao wanaimba. Walikuwa wanasema: karibu nyumbani, Ilhan.