Piano Kuukuu za Shule Zisigeuzwe Kuni

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huwatungisha wanafunzi wetu insha kila mwaka. Hata hivyo, katika pembe ya ukumbi wa shule, chini ya marundo ya vitabu vikuukuu na vikombe vya mashindano, ufa wenyewe unatukodolea macho. Nazungumzia piano iliyosahauliwa.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule moja iliyokuwa na ala kama hiyo. Vibao vyake vilinata na nusu ya sauti zake zilikuwa zimepotoka. Kamati iliketi, ikaamua kuwa hiyo ni takataka. Siku ya tatu niliikuta nyuma ya jiko, imepasuliwa kuni. Hakuna aliyejisumbua kumwita fundi aifungue na kuona inaugua maradhi gani.

Na maradhi ya piano, aghalabu, hutibika. Ndani ya sanduku lile mna nyuzi za chuma zaidi ya 200. Nguvu inayozikaza zote kwa pamoja yaweza kufika tani 20 hivi, nayo hubebwa na fremu nzito ya chuma. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa hugonga nyuzi, nazo hutetemesha ubao mpana unaokuza sauti. Mtaliano Bartolomeo Cristofori ndiye aliyebuni mtambo huo mjini Florence yapata mwaka wa 1700, na piano aliyoiunda mwaka wa 1720 ingali imehifadhiwa jijini New York. Ikiwa hiyo imetunzwa kwa miaka 300, yetu ya miaka 70 ina kosa gani?

Adui wake mkubwa ni hali ya hewa. Unyevu wa Pwani hutia nyuzi kutu na kuvimbisha mbao hata vibao vikanata. Ukavu wa bara nao hupasua ubao wa sauti na kulegeza vigingi vinavyokaza nyuzi. Nondo hutafuna sufu, panya wakafanya makao. Lakini kila ugonjwa una dawa yake. Kibao kilichonata hulegezwa; kigingi kilicholegea hung'olewa, kikapachikwa kilicho kinene zaidi; ufa hujazwa kijiti chembamba na gundi. Nyuzi zilizolala miaka mingi hukazwa hatua kwa hatua, kwani pupa huzikata. Fremu ikiwa imepasuka, fundi mwaminifu atakwambia waziwazi kwamba gharama haifai.

Wapo watakaouliza: ya nini kuhangaikia chombo cha kigeni? Hebu tuitazame historia. Katika karne ya 19, wapagazi, baadhi yao wakiwa watumwa, walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani yetu. Kutoka Unguja zilisafirishwa kwa meli hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako kijiji cha Ivoryton kilipata jina lake kutokana na pembe hizo. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Kwa hiyo piano nyingi za kale zina jasho na damu ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo haifai kurudi. Mafundi wa leo hutumia plastiki. Ila kuichoma ala yenyewe hakumfufui ndovu wala hakumfidii mpagazi.

Wengine watasema kinanda cha umeme ni rahisi zaidi. Ni kweli, nacho kina nafasi yake. Lakini mtambo wake wa ndani ukiungua, mara nyingi hutupwa. Piano hufunguliwa, sehemu moja ikabadilishwa, ikaimba tena.

Upungufu wetu mkubwa ni mafundi. Tangu mwaka wa 2017 mtaala wa umilisi umekuwa ukihimiza kazi ya mikono iende sambamba na kazi ya akili. Basi vijana wanaosomea useremala katika vyuo vya kiufundi na waambatanishwe na mafundi wachache tulio nao. Watajifunza kutumia ufunguo wa kukazia nyuzi, kabari za kunyamazisha nyuzi jirani, na, zaidi ya yote, sikio. Mkono uliozoea kazi hiyo hautashindwa kutengeneza marimba au nyatiti iliyoharibika.

Wakati tukingoja hayo, shule ziihamishe piano kutoka dirishani, mbali na jua, na kifuniko chake kifungwe baada ya masomo.

Nawe mwalimu mkuu, kabla ya kutia sahihi barua ya kuiondoa, inua kifuniko hicho ubonyeze kibao kimoja tu. Kikitoa sauti, hata ikiwa imepotoka, mgonjwa angali hai. Mwite fundi, si mpasua kuni.