Shimo la Tofali na Homa ya Mtoto

Kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 ili kuwapokea ndugu zetu waliokimbia machafuko nchini Burundi. Tangu wakati huo familia nyingi zimetoka katika hema na kuingia katika vijumba vya tofali za udongo. Nyumba ni stara, na anayeijenga kwa mikono yake anastahili sifa. Lakini kila ukuta uliosimama umeacha shimo ulikochimbwa udongo wake, na mvua zikianza shimo hilo hujaa maji. Leo tunapenda kuzungumza na wazazi, wa kambini na wa vijiji jirani, kuhusu shimo hilo.

Malaria si jambo dogo katika mkoa huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto takriban 24 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa kama 7. Hakuna mkoa uliozidi huo.

Mmoja wa mbu wakuu waenezao malaria katika nchi zetu hupenda kutaga mayai katika maji machache, yaliyo wazi na yanayopigwa na jua. Shimo la tofali, alama ya gurudumu njiani na dimbwi lililo chini ya bomba la maji vyote vinamfaa. Dimbwi jipya aghalabu halina bado samaki wala wadudu wa kuwala viluwiluwi. Tangu yai hadi mbu kamili hupita siku 7 hadi 14. Kisha mbu jike huingia ndani usiku kutafuta damu, na aliye karibu naye zaidi ni mtoto wa nyumba ile ile au wa jirani.

Huenda msomaji akasema: hii ni kazi ya mvua, sisi tufanyeje? Tutazame Lamu. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ililipuka huko wakati wa ukame, ikiwapata takriban wakazi watatu katika kila wanne. Maji yalikuwa adimu, watu wakayahifadhi katika vyombo majumbani, na vyombo visivyosafishwa vikawa mazalia ya mbu. Djibouti nayo ni jangwa. Mwaka 2012 ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria, lakini mwaka 2020 wakazidi 73,000. Mwaka ule ule wa 2012 ndipo alipogunduliwa huko mbu mgeni kutoka Asia, azoeaye kuzaliana katika matangi na mapipa ya mjini. Basi hata pasiponyesha mvua, nyumba yenyewe yaweza kumlea mbu.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kufunika vyombo usiku, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Mafundisho hayo tunayajua. Tuyafikishe hadi uani. Kwa kuwa mbu huhitaji siku saba au zaidi kukamilika, na sisi tuna Ijumaa kila baada ya siku saba, tunashauri kila nyumba ifanye Alhamisi kuwa siku ya ua. Pipa na mtungi vimwagwe, visuguliwe ndani na kufunikwa, kwani mayai ya baadhi ya mbu hung'ang'ania kando za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Makopo na vifuu viokotwe. Penye bomba, pamoja na mahali pa kutawadhia msikitini, uchimbwe mfereji wa kuyapitisha maji yasituame.

Shimo la tofali lina hukumu yake: aliyelichimba alifukie. Mara nyingi wachimbaji ni akina baba na vijana, kisha shimo likiachwa, mama ndiye anayekesha na mtoto mwenye homa. Huo si uadilifu. Anayetarajia kufyatua tena na achimbe mahali pamoja, mbali na milango ya watu, na mvua zisimkute na shimo wazi. Mashimo ya zamani yasiyo na mwenyewe yafukiwe kwa kazi ya pamoja, wenyeji na wakimbizi, kwani mbu hatambui mpaka wa kambi.

Hatusemi kwamba kufukia mashimo kutaimaliza malaria. Mabonde na vinamasi vya nyanda hizi vitabaki na mbu wake. Kwa hiyo chandarua kitumike kila usiku, wala kisigeuzwe uzio wa bustani. Mama mjamzito asikose kliniki apate dawa za kinga. Mtoto akishikwa na homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, kwani malaria kali huweza kumuua mtoto mdogo kwa muda mfupi sana.

Jirani ana haki juu yetu, na miongoni mwa haki hizo ni kusalimika na madhara yetu. Maji yaliyotuama nyuma ya nyumba yako ni madhara yanayoruka hadi kwake. Alhamisi ijayo, kabla ya jua kuzama, tushike majembe.